Kelele za Mwenyekiti na Katibu

Jumatatu, 3 Machi
Saa kumi na mbili asubuhi, kikao kimefunguliwa! Mwenyekiti (wa kijani) na Katibu (wa buluu). Majina aliwapa Mama, maana kasuku hawa wadogo wanabishana kutwa nzima na hawafikii uamuzi. Mimi napokea simu za wateja wa bima hapa hapa sebuleni, hedifoni kichwani. Leo mteja kaniuliza kama nafanyia kazi sokoni. Msimamizi akasikia. Kasema lalamiko moja tena, narudi ofisini. Nikirudi ofisini, nani atakaa na Mama? Macho yake yamebaki na mwanga na kivuli tu.

Jumatano, 5 Machi
Nimewafunika shuka. Wamezidisha! Nikawahamishia jikoni — Mama akaomba niwarudishe, kwa upole, lakini mara tatu. Nikawarudisha sebuleni, nikamuuliza wana faida gani hasa. Akacheka, akasema nyumba ikinyamaza ni ghala. Nikarudi kwenye simu zangu. Kesho anakwenda kwa dada, wiki moja, aonwe na daktari wa macho.

Jumamosi, 8 Machi
Nimewatoa. Kinyozi wa pale kona kawabeba kwenye boksi la viatu alilolitoboa toboa. Tundu analo la kwake. Nitamweleza Mama akirudi. Maneno nitayapata.

Jumatatu, 10 Machi
Kimya. Simu hamsini na nane, hakuna aliyelalamika. Msimamizi kanisifu. Nimekunywa chai ikiwa moto mpaka mwisho. Raha, nakiri.

Ijumaa, 14 Machi
Mama karudi. Daktari hana jipya.

Katoka chumbani kwake, kasimama kwenye korido, kichwa kakiinamisha upande mmoja. Kasubiri. Kisha kaenda mbele na kujigonga paji la uso kwenye kabati. Damu kidogo. Nikimfuta, akauliza ndege wako wapi. Nikasema wamelala.

"Saa nane mchana?"

Ndipo akanieleza, kama vile kosa ni lake: akitoka chumbani huwa anawasikiliza kwanza. Akiwasikia mbele yake anajua choo kiko kulia, jiko kushoto. Miaka miwili anatembea nyumba hii kwa masikio, na mimi nadhani kaizoea tu! Nikamwambia wanaumwa kidogo, nimewaweka pembeni. Mdomo wangu huu.

Jumapili, 16 Machi
Hatoki. Anakula kitandani. Nampeleka choo kwa kumshika mkono, na kila mara anasema samahani, mwanangu. Yeye aniombe mimi samahani!

Nimekwenda kwa kinyozi kuwadai. Kaizima mashine, kaangalia chini. Alhamisi alikuwa anasafisha tundu, mteja akafungua mlango. Wa kijani akatoka, wa buluu akamfuata. Basi.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu kaja na ndevu kabisa. Njiani nikawa najiambia, ningemuuliza tu Mama. Lakini nilimuuliza! Alipocheka sikungoja amalize kunieleza.

Jumanne, 18 Machi
Leo siku yangu ya mapumziko. Asubuhi nimekumbuka: mwezi uliopita niliwarekodi kwenye simu nimtumie dada, aone ninavyoteseka. Dakika nne nzima. Nimeiweka simu ndani ya tundu tupu, sauti juu, ijirudie yenyewe. Najua ni ujinga. Nilitaka tu atoke.

Katoka! Hakugusa ukuta. Kalikwepa kabati, shingo kainyoosha, anatabasamu. "Kumbe mmepona," kawaambia. Mimi niko mezani na daftari hili, naandika ili nisimtazame. Kafungua kimlango cha tundu. Kaingiza kidole, anangoja mmoja apande.

Anangoja.

Kidole kimegusa simu. Kimeipapasa pembe zote nne. Nimefumba macho, mtu mzima mimi.

"Usiizime," kasema bila kugeuka. "Niache kwanza nifike chumbani."

Anarudi sasa, taratibu, kelele zikiwa mgongoni kwake. Kaufikia mlango wa choo. Kaupita. Sijui nimwite sasa hivi nimwambie ukweli, au nimngoje afike.