Uso wa Mpishi Mbele ya Kamera

Tororo,
Jumapili, 12 Novemba 1967

Mama mpendwa,

Leo nitakueleza yote, hata yale yatakayokuudhi, maana tangu uondoke hapa nyumbani kila mmoja ananiambia nusu na mimi namjibu nusu.

Jumamosi ijayo nitapika kwenye televisheni. Ndiyo, mimi, Athieno wako. Kile kipindi cha mapishi tulichokuwa tukikitazama pamoja kwenye ukumbi wa mji kinawaita wasichana wa shule waonyeshe chakula cha kwao, na wiki iliyopita mwalimu wetu wa mapishi alinipeleka Kampala nikajaribiwe. Nilipika majani ya kunde kwa njugu, kama ulivyonifundisha. Wamenichukua. Lakini Baba hakusema ndiyo, na Shangazi amekuja kutoka Busia kusema hapana.

"Matanga ya mwisho hatujafanya," aliniambia mbele ya wageni, "na wewe unakwenda kuichekea mashine? Kaburi la mama yako halijaota hata majani!"

Niliendelea kuwamiminia wageni chai, Mama.

Hoteli yako ya pale stesheni imefungwa. Mabenchi yako hapa uani, kuku wanalala juu yake. Wale wafanyakazi wa reli wakinikuta njiani wanavua kofia, halafu hawajui la kusema. Mmoja tu ndiye aliyesema, yule mtani wako mwenye pengo: "Siku hizi tunakula tu, mtoto. Hakuna wa kutupikia kipindi." Unakumbuka alivyokuwa akipiga kelele, "Mama wa televisheni, sasa tunafanya nini?" Nawe unamjibu bila kuinua macho, "Sasa nakata kitunguu. Sasa natia chumvi. Wewe funga mdomo, kamera naona pengo yako!"

Mwanzoni walikucheka. Nani aliwahi kuona mpishi wa stesheni akipanga kitunguu, nyanya na njugu kila kimoja kwenye bakuli lake kabla ya kuwasha moto? Ukaacha kuonja mchuzi kwa kuudondoshea kiganjani, ukatenga kijiko cha kuonjea peke yake. Hukujua Kiganda wala Kiingereza cha yule mama mpishi wa kwenye kipindi. Nilikunong'oneza tafsiri sikioni, lakini wewe ulitazama mikono yake tu. Baadaye nikaona wateja nao wananawa bila kuambiwa.

Na ile aproni yako nyeupe! Kila jioni uliiloweka, ukaitia buluu ya kufulia, ukaipiga pasi ya makaa, na bado ukalalamika kwamba ya yule mama ni nyeupe kuliko yako.

Mama, yake ni ya njano.

Njano kama ndizi mbivu. Nimeiona kwa macho yangu. Kwenye televisheni kila kitu ni cheusi, cheupe au cha rangi ya majivu, tungejuaje? Mpiga picha aliniambia kwamba nguo nyeupe humeremeta mno chini ya taa zile ikaharibu picha, kwa hiyo hakuna anayeivaa pale. Na mimi nilikuwa na yako mfukoni, nimeikunja vizuri. Nilicheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu tukuzike, nikageuka kukutafuta nikuambie.

Mwalimu alinitoa nje nikanawe uso.

Niliporudi, mikono ilifanya kazi yake vizuri, lakini uso ulikuwa umekakamaa. Yule mama mpishi hakunikaripia. Aliniambia polepole, kwa Kiswahili cha Kampala, "Binti, mtu ya nyumbani hasikii harufu. Hapana onja. Yeye naona uso yako tu. Uso yako ndiyo harufu." Akasema kucheka mbele ya kamera si furaha, ni kazi, kama kunawa mikono. Nikajaribu tena, nikaweza. Ilikuwa kama kuinua sufuria nzito.

Nilipowaeleza hayo nyumbani, Shangazi alisonya. Lakini leo baada ya kanisa Baba alipita ukumbini kumwuliza mlinzi kama televisheni itawashwa Jumamosi, na kama mtu anaruhusiwa kuja na benchi lake. Sasa hivi amefukuza kuku na analisugua lile benchi refu kwa sabuni. Shangazi anamtazama mlangoni.

Kwa hiyo nitakwenda. Nakuahidi kwamba kila kitu kitakuwa kwenye bakuli lake, kijiko cha kuonjea kitakaa peke yake, na wale watu wa majumbani, ambao sitawaona, wataisikia harufu ya kunde zako usoni pangu. Ukilala huko, lala vizuri, Mama yangu.

Ila kuna jambo linaninyima usingizi tangu yule mama aniambie kwamba kucheka ni kazi, na wewe peke yako unalijua. Naomba unijibu upesi, kwa njia yoyote mnayotumia huko. Ile miezi ya mwisho, ulipokuwa ukiwatania wateja mpaka sahani ya mwisho, kisha unafika nyumbani unalala bila kula, nami nikidhani ni uchovu tu: kile kifua kilichokuchukua kilikuwa kinakuuma muda wote ule uliokuwa ukicheka?

Binti yako,
Athieno