Skrini ya Pili, Kisomo cha Ijumaa

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Nimepoteza harusi ya Samiha. Jana Jumapili, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Faili 200 kati ya 212. Nilikuwa nazihamisha kutoka kwenye laptop kwenda diski ya nje — nahamisha, sinakili! — ikafika asilimia 94, skrini ikawa bluu, mashine kimya. Ilipowaka, zile 200 laptop haina tena na diski haisomeki. Faili 12 zilizobaki ni za watu wakila pilau.

Kadi za kamera nilishazifuta kwa mkono wangu. Ndiyo kawaida yetu. Ukishamwaga kwenye laptop unafuta, maana Jumamosi kuna shughuli nyingine.

Mzee Zahor, babake Samiha, kafariki siku 12 baada ya ile harusi. Arobaini yake ni tarehe 6 mwezi ujao. Siwezi hata kuandika zaidi juu ya hilo.

Naandika hesabu basi. Mashine ilizima tarehe 9, 10, 12 na 13 kabla ya kuniua jana. Mara nne ikinionya, nami naiwasha naendelea na kazi. Kabla ya hapo, miaka mitatu na nusu, haijazima hata mara moja. Najat, mwenzangu wa kazi miaka yote hiyo, kaniacha Jumamosi tarehe 6, kaenda kufungua studio yake Kipawa. Jumanne tarehe 9 mashine ikaanza. Yeye ndiye aliyekuwa anaijua mashine ndani nje. Siku ya mwisho kakaa nayo saa nzima, ati anatoa vitu vyake.

Nimeipeleka kwa Praygod, fundi kompyuta wa Temeke. Akaniuliza tangu lini, na kuna kitu gani kipya nimeweka. Nikamwambia kipya ni kwamba Najat hayupo. Akacheka. Akauliza tena, programu yoyote? Nikasema sijaweka.

Jumatano, 17 Septemba

Praygod kapiga. Mashine imekaa kwake siku mbili, imewashwa mchana kutwa, kaichosha kwa makusudi — haijazima hata mara moja! Ramu nzima, feni nzima, virusi hakuna. Diski ndiyo hivyo, katoa faili tatu na hazifunguki. "Sista, mbona mashine yako haiumwi?"

Kwake haiumwi. Kwangu Chamazi inakufa.

Nimemweleza Mamdogo Somoe. Hakufikiri hata kidogo. Kasema mashine inayozima kwako tu, haizimwi na umeme, inazimwa na mtu. Asomewe Albadiri, kile kisomo cha kumshtaki mbaya wako kwa Mungu. Aliyefanya atajijua mwenyewe, na mwili wake utasema.

Nilisema astaghafirullah. Lakini sikusema hapana.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimeichukua mashine. Dakika 40 tangu niiweke mezani — bluu! Saa tisa bluu tena.

Praygod kasema niache kulia, niandike. Kila inapozima: saa ngapi, nafanya nini, kimechomekwa nini. Nimechora mistari kwenye daftari. Haya, hesabu naiweza. Nilianza na simu iliyopasuka kioo, nashuti shughuli za uswahilini, na hakuna shughuli iliyowahi kunipotea, kwa sababu naandika.

Leo: 2.

Jumamosi, 20 Septemba

Jana: 2. Leo nimeshinda kwenye nikahi Mbagala, laptop naifungulia kwenye kiti tu. Kwa muda wa saa nne kamili. 0.

Samiha kaja asubuhi kabla sijatoka. Kavaa baibui ya msibani, kakonda. Kasema, "Da Farida, harusi nzima sitaki. Nataka baba tu. Pale aliponishika kichwa akaniombea dua."

Ilikuwa nimwambie ukweli ninaoujua: nimefuta kadi, nimehamisha badala ya kunakili. Nikamwambia kuna mtu kaniharibia mashine. Jina sikulitaja. Nikamwacha alitaje mwenyewe. "Dada Najat?" Nikapangusa lenzi ambayo haikuwa na vumbi.

Mchana nikaandika kwenye grupu letu la Watu wa Shughuli — wapambaji, wapishi, washereheshaji, wapiga picha, watu 187: "Aliyetia mkono kwenye mashine yangu akapoteza kazi ya watu, ajue Ijumaa tarehe 26 baada ya Alasiri anasomewa. Jina anajijua." Mamdogo keshaongea na Ustadh Jabiri. Kikao nyumbani kwa Mamdogo, Temeke.

Jioni Najat kajibu kwa sauti, sekunde 19. Nimeisikiliza mara sita. "Someni. Ubani nauleta mie mwenyewe. Ila ustadh akifika pa kutaja, atutaje wote wawili, mie na Farida, kisomo kisije kikapotea njia." Halafu kicheko chake kile cha puani.

Watu wameweka emoji za moto na vicheko. Mwajabu mpambaji kaandika kuwa shughuli yake ya Jumamosi ijayo hataki tena Najat aishuti. Nilifurahi. Naandika hivyohivyo ilivyokuwa: nilifurahi.

Jumapili, 21 Septemba

Kwa Mamdogo. Nimeediti saa tano juu ya jamvi. 0. Mamdogo kasema unaona, hapa kwangu pana dua.

Jumanne, 23 Septemba

Jana: 3. Leo: 1, halafu nikaiacha, nikakaa na daftari.

Tangu Alhamisi mashine imezima mara 8. Safu ya "kimechomekwa nini" inasema: skrini ya pili, skrini ya pili, skrini ya pili. Nane kwa nane! Nikaanza upande mwingine. Mbagala saa nne bila skrini, 0. Kwa Mamdogo saa tano bila skrini, 0. Kwa Praygod siku mbili — sikumpelekea skrini. Nilimpelekea laptop na chaja.

Skrini ya zamani ilikuwa ya Najat, kaondoka nayo. Hii nimenunua mie, Jumatatu tarehe 8, Kariakoo. Na tundu la skrini la laptop lilikufa mwaka jana, kwa hiyo nikanunua na adapta, ule waya wa kupitishia kwenye USB. Ulikuja na kisahani cha CD. Nikakitia.

Nimempigia Praygod. Akasema, "Dada Farida, siku ile nilikuuliza umeweka nini."

Nikamwambia adapta si programu, adapta ni waya.

"Na kile kisahani?"

Anakuja kesho. Tarehe 9 ni siku tatu baada ya Najat. Lakini ni siku moja baada ya adapta. Mie, Farida, mtu wa hesabu, nimekwenda kuhesabia mbali nikaacha karibu!

Jumatano, 24 Septemba

Praygod kafika saa tatu. Hakutoa hata bisibisi. Kaingia kwenye kumbukumbu ambazo mashine hujiandikia kila inapokufa. Kila moja inataja jina lilelile: draiva ya adapta, yaani ile programu inayoifundisha laptop kuongea na skrini ya pili. Ni ya zamani, ya Windows nyingine kabisa. Ukiipa kazi nzito, au ukifunika laptop ukaifunua, inaanguka, na ikianguka inaangusha nyumba nzima.

Nikamuuliza kama mtu anaweza kuiweka kwa siri. Nimeuliza! Bado nilikuwa natafuta mlango wa uani.

Akanigeuzia skrini nisome mwenyewe. Imewekwa Jumatatu, 8 Septemba, saa tano na dakika kumi na mbili asubuhi. Saa hizo Najat ana siku mbili Kipawa. Mie nilikuwa peke yangu ofisini, na hasira zangu, naionyesha dunia kwamba naweza bila yeye. Kompyuta ilinionya. Kidirisha cha njano: programu hii haitambuliki, una uhakika? Nikabonyeza ndiyo. Kikaja tena. Ndiyo. Mara tatu.

Praygod kaitoa draiva, kawasha upya, kapakua nyingine kutoka kwa watengenezaji wenyewe. Tukachomeka skrini. Kaifunika, kaifunua. Tukatoa video ya dakika 50. Saa tatu nzima — haijatikisika. Kaniambia siku ya kwanza ningemtajia ule waya, angemaliza kabla chai haijapoa. Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana inauma.

Nikamuuliza kama kazi hii huwa anaisimulia kwa watu. Kashangaa. "Nimsimulie nani, sista? Draiva?"

Sasa nitaandika nililofanya alipoondoka.

Ijumaa kinasomwa kisomo cha kumshtaki aliyeharibu mashine. Aliyeharibu ni mie. Nimemwashia moto mtu, kumbe mtu mwenyewe ni mie ninayepuliza! Kwa hiyo ikabidi kisisomwe. Na kisisomwe bila mtu kuuliza kwa nini. Saa kumi na moja nikaandika kwenye grupu: "Nimetafakari. Nimeamua kusamehe. Namwachia Mungu. Kisomo hakuna tena."

Watu 43 wameweka emoji za makopa. "Mashallah da Farida, una moyo wa peke yake." "Wachache sana kama wewe." Mwajabu kaandika kwamba kajifunza kitu. Mamdogo kapiga analia, kasema marehemu mama angejivunia.

Nimeitikia. Nimesema amin.

Alhamisi, 25 Septemba

Nimekwenda kwa Ustadh Jabiri madrasa, kumwambia mwenyewe kwa heshima. Anakagua daftari za watoto, hakuinua hata uso. Kasema alhamdulillahi, nimempunguzia safari. Halafu, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, kasema Najat kampigia jana usiku. Kamuuliza kama mtu aliyesingiziwa naye anaruhusiwa kusomesha Albadiri.

"Ukamjibuje, Ustadh?"

"Nimemwambia huyo ndiye mwenyewe hasa."

Nikaondoka bila kuaga vizuri.

Nafika ofisini, Samiha kakaa kizingitini. Anatabasamu. Kaninyooshea simu. Mzee Zahor huyo! Kanzu nyeupe, koti jeusi, mkono kichwani kwa bintiye, midomo inakwenda. Dakika tatu na sekunde nne. Sauti unaisikia mpaka pale anapokwama, anameza mate, anaendelea. Najat alimrekodi kwa simu yake siku ile, ili aweke status. Samiha alimwandikia jana usiku tu, kumwuliza kama ana chochote. Kampelekea saa ileile. Hakutaka hata ahsante.

Nikamuuliza kama Najat kasema lolote juu yangu.

"Hajakutaja. Mie nimemwambia vizuri mmepatana, maana nasikia umemsamehe. Akaniuliza, kanisamehe nini? Nikamwambia ile ya mashine. Akasema haya."

Samiha kanikumbatia. Ananukia udi wa nyumbani kwao. Ananishukuru mie! Nikasimama mikono imening'inia kama nguo kwenye kamba.

Jioni Mwajabu kaniandikia pembeni. Ile shughuli ya Jumamosi aliyomnyima Najat, atanipa mie. Nimesoma. Sijakataa. Nimeandika "sawa" nikaifuta, nikaandika "nitakujulisha". Hilo nalo liko hapa.

Ijumaa, 26 Septemba

Saa tatu asubuhi. Najat kaandika kwenye grupu. Safari hii si sauti, ni maandishi, na hakuna kicheko.

"Farida, shoga yangu. Miaka mitatu na nusu tumekula sahani moja. Nasikia umenisamehe. Umenisamehe nini? Nijibu hapahapa mbele ya hawa 187. Nimekuharibia mashine au sijakuharibia? Ndiyo au hapana, kabla ya adhana ya Alasiri. Ukinyamaza, kikao cha leo kwa Mamdogo Somoe kipo palepale. Ila msomeshaji ni mie."

Hakuna aliyeweka kopa. Hakuna aliyeandika kitu.

Mamdogo kapiga. Kafurahi kabisa! Kasema mwache asomeshe, kitamrudia mwenyewe. Keshafagia ukumbi. Anauliza anunue halua au tende zinatosha. Nikamwambia Mamdogo, ngoja. Nangoja nini? Kauliza hivyo, nikasema mtandao unakatika.

Saa sita. Nimeandika jibu la kwanza. "Ndugu zangu, kumetokea hitilafu ya kiufundi kwenye mashine." Kumetokea! Nani kaitokeza? Nimefuta.

La pili: "Kwa kweli kulikuwa na kutoelewana baina yetu." Nimefuta. Najat kaelewa tangu siku ya kwanza.

Saa nane kasorobo. Wametoka kuswali, nawasikia njiani. Sikumwogopa Ustadh wala kisomo namna hii, namwogopa Mwajabu. Naogopa yale makopa 43 yakianza kutolewa moja moja. Naogopa sura ya Samiha akijua nilipangusa lenzi makusudi. Lakini kila nikijitetea, daftari liko wazi hapa mezani, kwa mwandiko wangu, nane kwa nane.

Saa tisa kasoro kumi. La tatu nimeliandika. "Hapana. Najat hakugusa mashine. Niliweka draiva mbovu mie mwenyewe, tarehe 8, yeye keshaondoka. Nimejua tangu Jumatano. Niliposema nimesamehe nilikuwa nadanganya. Mwajabu, mrudishie shughuli yake. Najat, niwie radhi." Liko kwenye simu. Sijatuma.

Saa tisa na dakika kumi na moja. Najat tena, mstari mmoja: "Naona umesoma."

Adhana ni saa tisa na nusu. Skrini ya pili inawaka hapa, haina tatizo lolote. Najiambia mwenyewe: umebakiwa na dakika 19, Farida. Kidirisha kimoja, mara moja, na safari hii unajua vizuri unachobonyeza. Unatuma au hutumi? Usiniandikie hadithi. Ndiyo au hapana — kabla ya saa tisa na nusu.