Trela ya Kulala Watu Wanne

Jumamosi, 9 Machi

Daftari hili nimelinunua kwa ajili ya vipimo vya trela, basi. Urefu, uzito, idadi ya vitanda. Nimekaa nalo saa nzima na sijaandika kipimo hata kimoja.

Tumetoka kwenye maonyesho ya trela za kulala kambini, zile za kukokotwa na gari, Montréal. Nje baridi ya nyuzi kumi na nne chini ya sifuri, ndani wauzaji wamevaa kaptura! Watu wamefurika, makoti mikononi, kila mmoja anaota Julai. Mwanangu Loïc ana miaka saba, aliingia kila trela na kufungua kila kabati. Dada yake Océane ana kumi na tatu, aliingia moja tu, akatoka, akakaa kwenye ngazi na simu yake. Mke wangu Josiane alikuwa nyuma yetu. Kila nikigeuka namkuta hatua tano nyuma, anasoma bango lisilo na cha kusoma.

Muuzaji akauliza tuko wangapi. Nikasema wanne. Josiane akasema, "Vitanda vitatu vinatosha." Nikamwambia Océane bado mtoto, ananuna leo lakini Julai atakuja. Nikambishia mbele ya muuzaji, kwa sauti. Akarudi kwenye bango lake.

Niandike ukweli, hakuna anayesoma. Mke wangu amenichoka. Hajasema, lakini tangu Krismasi najua. Miaka kumi na tano, na siku hizi tunaongea habari za maziwa na matairi tu. Nikipata trela inayotufaa, tukaenda wote wanne zile wiki mbili za Julai ambazo sisi mafundi wa ujenzi wote hupewa likizo, pengine atabaki. Ni ujinga. Najua ni ujinga. Sina kingine.

Jumatano, 13 Machi

Trela ya watu wanne: urefu mita 4.9. Uzito mtupu kilo 1,240. Kigari chetu kinavuta 1,590. Inawezekana! Nilidhani nitafurahi.

Jumapili, 17 Machi

Kaka yangu Réal amekuja kunywa kahawa na kunifundisha. Ana trela tangu mwaka wa tisini na nane, kwa hiyo ni profesa.

"We bwana mdogo unasoma uzito mtupu? Huo wamewawekea mabwege! Tia maji, tia gesi, tia masufuria, baiskeli, bia — kigari chako kitalia kilima cha kwanza."

Alipoondoka nikaleta mizani ya bafuni jikoni. Nimepima kila tutakachobeba. Masufuria, kilo 6. Mablanketi, 9. Baiskeli mbili, 23. Vitabu vya Océane, 4 — na mwenyewe hata hajakubali kuja! Loïc, 24. Akataka apimwe tena na buti.

Josiane akaingia, akakuta vyombo vimetapakaa sakafuni mpaka mlangoni. Akasema, "Na kinyongo changu umekipima? Kiandike, kina kilo nyingi." Akacheka. Nami nikacheka. Halafu akaanza kurudisha sufuria moja moja kabatini, mgongo umenielekea. Hapo ndipo mtu mwingine angeuliza, kinyongo gani, mke wangu? Mimi nikajumlisha. Kilo 187 pamoja na vyakula.

Jumamosi, 30 Machi

Josiane yuko kwenye kompyuta tangu asubuhi, anatafuta nyumba ya kupanga. Nilipita na kikombe nikaona — vyumba vinne na nusu, ghorofa ya chini, karibu na shule. Ndio msimu wake. Mikataba ya kupanga inaisha Julai mosi, nusu ya mji inahama siku hiyohiyo, na kila mwenye gari la mizigo anakuwa punda wa ukoo mzima kwa malipo ya pizza na bia.

Anamtafutia mama yake, bila shaka. Mama mkwe Huguette anakaa ghorofa ya tatu na magoti yamemwisha. Nikauliza, mama amekubali kuhama hatimaye? Akasema, "Tutaona." Nikamwambia asihangaike kutafuta watu wa kuhamisha, mimi na Réal tutabeba kila kitu, mpaka friji.

Akanishika bega. Hajanigusa tangu Januari! "Wewe ni mtu mwema, Yvan," akasema. Kisha akaingia bafuni, akakaa huko muda mrefu, maji yanamwagika.

Nne na nusu ni kubwa kwa bibi mmoja. Vyumba vinne, jikoni na sebule zikiwemo, na bafu ndiyo hiyo nusu. Lakini Huguette ana makabati mengi.

Nimempigia mtu wa Victoriaville mwenye trela ya kulala watu wanne. Ameshaiuza.

Jumapili, 21 Aprili. Pasaka

Tumekula kwa Huguette. Nyama ya nguruwe kwa sirapu tamu ya mti wa mepo, viazi, kabichi. Nilitaka kuwa mkwe mzuri. Nikamwambia, mama usiwe na wasiwasi, Julai mosi niachie mimi, friji yako haitapata hata mkwaruzo.

"Friji yangu iende wapi, mkwe wangu? Nani kakwambia nahama? Mimi hapa natolewa na jeneza, na ngazi hizi zitawatoa jasho!" Akacheka peke yake.

Josiane alikuwa anakata nyama. Akaendelea kukata. Vipande vidogo, vidogo zaidi, kama vya mtoto anayeota meno. Océane akasukuma kiti, akatoka barazani bila koti. Anajua. Mtoto anajua, mimi sijui!

Huguette akamtazama binti yake, akanitazama mimi, akauliza nani anataka viazi. Nikasema mimi. Nimekula viazi vya watu watatu.

Nne na nusu. Vyumba viwili vya kulala. Karibu na shule.

Jumatatu, 22 Aprili

Sikuuliza. Nimeosha gari.

Alhamisi, 9 Mei

Amesema.

Bodi za jipsamu za kupiga kuta na dari hazikufika kazini, msimamizi akaturudisha nyumbani saa nane mchana. Josiane hafanyi kazi kliniki ya meno Alhamisi mchana. Watoto shuleni. Nadhani aliona hatapata siku nyingine kama hiyo.

Amesaini mkataba wa ile nne na nusu tangu mwanzoni mwa Aprili. Anahama Julai mosi. Nikamwuliza kama kuna mwanamume — ndilo la kwanza lililonitoka, naona aibu hata kuliandika. Hakuna. Hakuna kosa kubwa pia, anasema. Amechoka kuishi na mtu ambaye ukimletea huzuni anakuletea futi ya kupimia. Watoto watakuwa wiki kwake, wiki kwangu. Alitaka kuniambia ile Machi, nikamwahi na habari za kumhamisha mama yake, akashindwa. Océane aliona karatasi za mkataba kwenye mkoba. Mtoto amelibeba peke yake mwezi mzima.

Josiane alilia. Mimi nilisimama tu, viatu vya kazi juu ya zulia, vumbi jeupe kila mahali, na hakunigombeza. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Miaka yote ananigombeza kwa lile zulia!

Nikamwuliza, na trela? Swali gani hilo! Mwanamke anakuacha, unauliza trela.

"Inunue, Yvan. Watoto wanaitaka. Nilikwambia mapema, vitatu vinatosha."

Hivyo ndivyo nilivyoelewa. Kule Montréal hakuwa anamtoa Océane. Alikuwa anajitoa yeye. Na mimi nikasimama pale namtetea mtoto ambaye hakuna aliyemgusa.

Ijumaa, 10 Mei

Kazini nimeziba viungo vya bodi za dari siku nzima. Shingo inauma. Sijamwambia mtu.

Jumamosi, 25 Mei

Réal anasema nisikate tamaa, ninunue ndogo, nyepesi, ya watu watatu, maisha yaendelee. Kwake kila kitu kinatengenezwa kwa trela. Na mimi nimcheke kwa lipi?

Basi nimekwenda na Loïc kuona moja ya watatu. Nje inang'aa, mapazia mapya, mwenyewe anasifia mpaka povu. Nikabonyeza ukuta chini ya dirisha kwa kidole gumba. Kidole kikazama. Maji yameingia miaka, wakapaka rangi juu. Nikamwambia, bwana, ukuta huu umekwisha. Akanikasirikia.

Nilifurahi. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi kwa sababu ukuta wa mtu umeoza! Loïc akaniuliza mbona nacheka. Ningemwambia nini? Kwamba leo sikulazimika kununua trela isiyo na nafasi ya mama yake?

Jumanne, 4 Juni

Maboksi kwenye korido. Josiane ameandika juu yake kwa herufi nzuri, zile za kwenye kadi za wagonjwa wa meno. JIKONI. LOÏC. BARUA. Tunapishana kwa ubavu na kuombana radhi. Hatujawahi kuwa na adabu hivi.

Usiku halali. Namsikia anatembea. Asubuhi macho yake mekundu na anasema ni chavua za miti.

Mezani Loïc ameuliza kama mama atakuja kambini kwenye ile sherehe wanayoiita Krismasi ya Julai. Réal amemjaza kichwa — taa juu ya kila trela, Baba Krismasi wa kambi amevaa ndevu za pamba katika joto lile, jasho linamtiririka. Josiane akamweleza tena kwamba yeye anahamia nyumba nyingine, taratibu, kama tulivyokubaliana. Loïc akasikiliza vizuri sana. Kisha akasema hatachagua kitanda mpaka mama akione.

Josiane akanitazama. "Mara moja tu, Yvan. Kwa ajili yake."

Jumamosi, 8 Juni

Nje ya Nicolet, kwa wazee wawili, Fernand na Thérèse. Wamelala kwenye trela hii kila kiangazi miaka ishirini na miwili. Sasa nyonga ya Thérèse haipandi ngazi. Hatukuwaambia lolote kuhusu sisi. Kwa nini tuwaambie?

Kilo 1,180. Mita 4.6. Kitanda kikubwa mbele, vidogo viwili vya kupandana nyuma. Watu wanne. Nimebonyeza kila ukuta, nimelala chini ya ekseli, nimepanda juu ya paa. Kavu. Kavu kabisa! Nimetafuta kasoro kama mtu anayetafuta pete iliyoanguka. Hakuna.

Kwetu hununui trela bila kwanza kulala ndani yake. Thérèse alishika hilo kama sheria. Alisimama chini na fimbo yake, anaamuru. "Haya, viatu mlangoni! Mlale wote, kila mtu mahali pake. Siwauzii watu waliosimama mimi." Loïc akaruka kitanda cha juu. Océane akajisogeza cha chini, simu imo mfukoni, mara ya kwanza tangu Machi. Mimi kile kikubwa, upande wa ukutani.

"Na wewe mwanangu, unangoja nini? Mpishi ndiye analala wa kwanza!"

Josiane alikuwa kwenye ngazi. Nilifikiri atasema. Ilikuwa rahisi kusema — mimi simo. Akamtazama yule bibi, akainama, akavua viatu.

Tukalala chali, mikono kifuani, maiti wawili waliovaa soksi. Kati yetu sentimita ishirini. Niliona dari, imefungwa vizuri, fundi wake alijua kazi. Joto lilikuwa linaingia dirishani, na harufu ya majani yaliyokatwa.

"Mama, unanisikia?"

"Nakusikia, Loïc."

"Baba?"

"Nakusikia."

"Océane?"

"Nyamaza, mtu ajaribu kulala."

Na kweli tukanyamaza. Sijui dakika ngapi. Nilikuwa na furaha. Naiandika sasa hivi kwa sababu kesho sitaiamini. Wote wanne tulikuwa tunapumua mahali pamoja na hakuna aliyekuwa anahama. Nilitaka kusema kitu. Nilikuwa nacho, nadhani, kilikuwa kimeshafika kooni! Nikageuza kichwa.

Alikuwa amelala. Usingizi wa kweli, mdomo wazi kidogo, mkono umeanguka upande wangu. Siku ngapi hajalala hivi?

Nikateremka polepole nisiitikise trela. Nikawatoa watoto kwa ishara, wamekwenda na Thérèse kuona kuku. Sasa ni saa nane na robo. Niko kwenye meza ya mbao chini ya dirisha lake. Namsikia anavuta pumzi. Nikimwamsha, tunarudi kwenye maboksi. Nisipomwamsha, vilevile tunarudi kwenye maboksi.

Fernand amekuja na karatasi ya mauzo. Amevaa miwani, amejaza tarehe, amejaza uzito, ana mwandiko wa polepole. Ameshika kalamu hewani. Anauliza upande wa mnunuzi aandike jina moja au mawili.

Nimemwambia asubiri kidogo, mke wangu bado amelala.