Nilimshambulia Kasongo Siku ya Mwisho

Kamina

Yaya Mujinga, dada yangu,

Jambo sana. Nimekula bukari na samaki wa Lualaba hadi mkanda unakataa kufunga, lakini sikia ya leo.

Mbio zetu za baiskeli za siku kadhaa kutoka Kaniama zimekwisha. Mimi nilikuwa wa pili. Aliyeongoza ni Kasongo, askari wa Base, kambi ya jeshi ya hapa. Desturi ya hapa, siku ya mwisho hakuna kumshambulia anayeongoza, yaani kumchomokea mbele. Wote huingia mjini pamoja, wakiimba. Tena kesho Kasongo anapelekwa vitani.

"Umuache, mwalimu," wenzetu wakaniambia. "Leo njo fête yake, sherehe ya kumuaga."

"Fête ya bantu bamelala?" nikawajibu. "Vita imetunyima mengi. Leo miye nitashindana."

Karibu na reli nikachomoka. Watu wakanizomea, mama mmoja akanitupia gunzi la mahindi. Kasongo akanifuata kwenye mchanga, na pale sokoni, kwenye mstari wa mwisho, akanipita kwa upana wa gurudumu.

Nilidhani atanipiga. Akanikumbatia huku anahema.

"Aksanti, mwalimu. Sasa njo nimeshinda kweli."

Hapa bado wananinunia, na sijutii hata kidogo. Nibusie watoto, na umwombee Kasongo arudi.

Mdogo wako,
Ilunga