Mlango wa Shemeji

Mshauri mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hukunizidi basi pokea salamu za mtu mwenye upara na miwani iliyofungwa kwa waya, maana naomba msaada na sina mwingine wa kumwambia. Mimi ni fundi funguo, nachonga funguo, nafunga vitasa, nawafungulia waliojifungia nje, na ucheke tu, juzi nilijifungia nje mwenyewe nikapitia dirishani majirani wakinishangilia.

Tangu mke wangu atangulie mbele ya haki nyumba yangu haina sauti. Akisikia ufunguo ukizunguka alikuwa anasema, "Mwizi wangu amefika." Siku hizi mwizi anafika na hakuna wa kumtangaza. Kimbilio langu likawa kwa dada yangu mkubwa, kila Jumapili sahani yangu ipo, kiti changu kipo, na utani wa upara upo.

Sasa shemeji, yaani mume wa dada, amelazwa, amepasuliwa nyonga, anaendelea vizuri ila bado yuko wodini. Kwao kuna chumba cha nyuma anachokifunga yeye tu, na kitasa chake nilikiweka mimi, aliyeniita ni yeye na funguo nilimkabidhi yeye. Dada akaja kibandani kwangu akasema nikafungue, anataka kujua mumewe anaficha nini, nikamwambia, dada, fundi aliyenifundisha kazi alinipa miiko, kitasa hakifunguliwi bila ruhusa ya mwenyewe, na nakala ya ufunguo ikiharibika unaikata mbele ya mteja, hata ya kabati la viatu. Akanitazama kama enzi zile nikilowesha kitanda, akasema, "Miiko ni ya madaktari na mawakili, mdogo wangu. Wao wana taaluma. Wewe una tupa na chupa ya mafuta."

Nikafunga begi langu la vifaa nikaondoka. Tangu hapo hapokei simu, na ameagiza nisikanyage kwake mpaka nije na begi hilo. Jumapili nimekula mkate nikiwa nimesimama. Mshauri, kazi kama yangu ina miiko kweli, au najifanya daktari tu? Nifungue nirudishiwe kiti changu?

Ni mimi, fundi asiye na pa kubisha hodi.

*

Fundi wangu, umri tunalingana na upara pia, kwa hiyo shikamoo yako nairudisha. Pole kwa mkate wa kusimama, naijua ladha yake.

Usifungue. Kazi ya kawaida inakwisha mteja akiridhika. Taaluma ina jambo utakalolikataa hata mteja akilia, hata akiwa ni dada aliyekulea. Shemeji alikuachia mlango wake ingawa hana namna ya kukuchunga, ilibidi akuamini. Ukiufungua kwa siri, kila mtu uliyemwekea kitasa atalala jicho moja wazi.

Ila usivimbe kichwa. Mwiko wa mtu mmoja, asiye na mwenzake wa kumkemea akiuvuka, watu wanauita ukaidi. Mko wangapi hapo mnaochonga funguo? Najua mnapitana kama paka. Watafute, mnywe chai, mkubaliane mlango gani haufunguliwi, ili dada akienda kwa fundi wa pili apate jibu lilelile. Taaluma inaanzia hapo, na wewe utapata watu wa kupiga nao soga.

Sasa nikugombeze. Mwenye mlango yuko wodini, ana mdomo, hajafa. Mbona hukwenda kumuuliza? Ulisema hapana ukafunga begi, ukamwacha dada na hofu yake kibandani. Daktari akikunyima dawa anakuonyesha pa kwenda. Wewe unaujua upweke kuliko mtu yeyote mtaani kwenu, halafu ukamgawia dada yako.

Jumapili mpitie dada mwende wodini. Aulize yeye, wewe nyamaza. Shemeji akikubali, ndipo ulifuate begi ukafungue, kisha utoke nje bila kuchungulia. Akikataa, hayo ni ya mke na mume, kazi yako itakuwa kukaa na dada. Na asubuhi hiyo begi liache nyumbani. Bisha hodi mikono mitupu, kisha simama hapo mlangoni, fundi, ungoje mpaka dada afungue mwenyewe.