Fuata Kitenge cha Njano

Bulyaga, Tukuyu
4 Machi 2024

Kwa Baba,

Shikamoo. Natumaini mmeamka salama huko Mpuguso na mvua haijawafungia ndani. Sisi hatujambo. Tulia ameng'oka jino la pili na anataka babu yake aambiwe.

Baba, najua si kawaida mkamwana kumwandikia mkwe wake. Miaka tisa tangu Jacob anioe, ukipita njiani mimi naingia migombani, na nikija kwenu wewe unatokea mlango wa nyuma. Hujawahi kusikia sauti yangu. Lakini Jacob yuko Zambia na lori, na jambo hili halisubiri. Mila imetukataza macho na mdomo. Kalamu sikusikia ikitajwa.

Hospitali ya Chennai, India, imejibu. Watatengeneza kile kilango cha moyo wako tarehe 3 Juni. Daktari wa Mbeya alishasema bila hivyo Krismasi ni mbali. Utasafiri na Jacob. Pasipoti yako ya safari ya kwaya kule Karonga bado ni nzima. Upige picha mbili bila kofia, na uchanjwe homa ya manjano. Fomu inataka jina lako, na mimi siwezi kulitaja, kwa hiyo nimempa Prosper wa steshenari alijaze yeye.

Mama ataileta barua hii akirudi sokoni.

Mkamwana wako,
Mama Tulia


Mpuguso
10 Machi 2024

Mama Tulia,

Marahaba. Huku tu wazima, ila nikipanda kilima cha shamba la chai napumzika mara tatu, zamani sikupumzika hata mara moja. Mwambie Tulia jino alitupe juu ya bati.

Barua nimeisoma peke yangu, kisha nikamsomea mama yenu. Amecheka sana hapo pa kalamu. Mimi sikucheka, lakini sikuona kosa.

Picha nimepiga. Bila kofia naonekana kama mtu aliyeibiwa. Nina maswali. Je, nibebe sweta? Je, huko Chennai kuna mashamba ya chai? Nimelima chai miaka thelathini, naambiwa Wahindi ndio mabingwa, nisiende kulala kitandani tu. Lugha isikusumbue. Mzee Amoni aliwahi kumwendesha Mhindi mwenye duka pale Mbeya, ananifundisha Kihindi kila jioni. Nimeshajua kuomba maji na kuuliza bei.

Babu yake Tulia


Bulyaga
17 Machi 2024

Kwa Baba,

Shikamoo. Sisi wazima, Tulia ametupa jino likaangukia kwa jirani.

Pole na masomo. Nimemuuliza mfanyakazi mwenzangu aliyesoma India, nikamwandikia maneno ya Mzee Amoni. Amesema hicho ni Kigujarati, cha upande mwingine kabisa wa nchi. Chennai wanasema Kitamil, na hata Kihindi chenyewe wengi hawakipendi. Ile si nchi moja kama tunavyodhani, Baba. Watu wake wanakaribia kuwa sawa na Afrika nzima, na kila jimbo lina lugha, maandishi na chakula chake. Ukifika na Kigujarati Chennai, ni sawa na kumwamkia Mmasai kwa Kinyakyusa. Madaktari wanasema Kiingereza, inatosha.

Chennai ni joto kuliko Kyela, ila sweta beba, kwenye ndege ni baridi. Chai iko milimani, usiku mzima kwa treni, hutaiona safari hii. Nyama ya ng'ombe wengi hawali, usiiulize. Lakini ndizi zipo za kila aina, na wali wanapakulia kwenye jani la mgomba. Hapo utajiona nyumbani.

Mkamwana wako,
Mama Tulia


Bulyaga
22 Aprili 2024

Kwa Baba,

Shikamoo, na poleni na mshtuko. Jacob yuko wodini bado. Bodaboda iliyomgonga Uyole imemvunja mguu sehemu mbili, wameweka chuma. Anakula, anatania manesi. Lakini kusafiri mwezi ujao haiwezekani, na daktari amesema hivyo mbele yangu.

Hospitali ya India inataka msindikizaji anayeweza kusikiliza daktari na kusaini. Shemeji zangu hawana pasipoti, na muda umekwisha. Mwenye pasipoti, Kiingereza na kazi ya unesi ni mmoja tu katika familia hii.

Baba, ni mimi.

Mkamwana wako,
Mama Tulia


Mpuguso
26 Aprili 2024

Mama Tulia,

Marahaba. Jacob nimemwona jana, ndaga fijo, asante sana, kwa kumwangalia.

Hilo ulilosema haliwezekani. Nilale nusu uchi, wewe umesimama pale? Baba yangu alikufa bila kumtazama mama yenu usoni, na alikufa na heshima. Wazee wa hapa watasema nilienda India kununua moyo nikauza utu. Futa safari. Moyo huu umenifikisha miaka sitini na mbili, unanitosha.

Babu yake Tulia


Bulyaga
29 Aprili 2024

Kwa Baba,

Shikamoo. Leo nitaandika kwa hasira, na utanisamehe au hutanisamehe.

Kila siku nawageuza kitandani wazee wa watu wengine, wenye wakamwana wao, na hakuna aliyekufa kwa aibu. Wanaokufa ni wale waliochelewa. Mila hii nimeishika miaka tisa bila kunung'unika, hata nikiwa na mimba ya Tulia nilijitupa migombani kwenye matope ili upite. Nilikuheshimu wewe uliye hai. Kaburi sina haja ya kulikwepa njiani, litabaki pale pale.

Nimepanga hivi. Kwenye ndege wewe utakaa mbele, mimi nyuma kabisa. Uwanjani nitatangulia na kitenge cha njano mabegani. Wewe fuata kitenge, usimtazame mtu. Hospitali kuna pazia. Nitakaa nyuma yake, na neno la daktari nitakuandikia kwa Kiswahili.

Tulia ameniuliza kama babu atakuwepo akianza darasa la kwanza. Mjibu wewe.

Mkamwana wako,
Mama Tulia


Mpuguso
14 Mei 2024

Mama Tulia,

Marahaba. Nimechelewa kujibu. Mama yenu Elina amekataa kunipikia siku tatu, na Mzee Amoni amenipa habari za watu waliokufa kwa ubishi, wote ndugu zake.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nitafuata kitenge. Agizo langu ni moja: jina langu usilitamke, hata mbele ya Wahindi. Waonyeshe pasipoti, wasome wenyewe.

Mwambie Tulia babu anajaribu.

Babu yake Tulia


Chennai
9 Juni 2024

Tupokigwe,

Salamu nyingi. Mimi naendelea vizuri, kifua kinauma nikikohoa tu, na uji wao una pilipili. Wewe najua upo, nakusikia ukisogeza kiti nyuma ya pazia. Karatasi hii nimeiomba kwa nesi kwa ishara za mikono.

Safari uliifanya kama tulivyokubaliana. Nilifuata kitenge Dar es Salaam, nikakifuata Dubai katikati ya watu wa kila rangi, sikukipoteza. Mapokezi ulionyesha pasipoti ukanyamaza, hadi yule dada akadhani wewe ni bubu.

Sasa nikuambie la siku ya upasuaji, maana unadhani sikumbuki. Nilikuwa mbali. Sikuumwa popote, na kusema kweli sikuwa na haraka ya kurudi. Watu waliita jina, lakini walilivunjavunja, nikasema huyo ni mtu wao, hainihusu. Wakaita sana. Halafu ikaja sauti ya mwanamke, nzito, inatetemeka: "Ambilikile! Ambilikile, amka, Tulia anasubiri." Hapa Chennai hakuna mwingine wa kuliita jina hilo namna hiyo. Nikajua ni nani, ingawa sauti ile sikuwahi kuisikia. Nilipofungua macho ulishakimbia. Niliona pindo la njano tu.

Siku sita sasa hujaniandikia, chakula unakisukuma chini ya pazia. Mama yenu amepiga kwenye simu uliyoniachia, anasema unalia, unadhani umenivunjia heshima. Sikiliza. Agizo lile nilitoa mimi, na mimi nimelifuta. Wazee wakiuliza, nitawauliza wao walikuwa wapi wakati naitwa. Naona aibu, ndiyo, lakini aibu yangu ni kwamba mtu aliyenirudisha simjui sura.

Usinijibu kwa karatasi. Ukimaliza kusoma, fungua pazia, uniamkie, nami nikuitikie.

Baba yako,
Ambilikile