Nimekula Mbegu za Nabuyoga

Mama, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Busia, nina vumbi la Tororo hadi kwenye nyusi. Nimeshiba, na hilo ndilo tatizo.

Jana nilikwenda Nabuyoga, huko Tororo, kupima hasara waliyopata wakulima kwa huu ukame. Mkulima mmoja, Mama Athieno, akanionyesha shamba lake la wimbi, limekauka mpaka linalia chini ya viatu. Kisha akanikaribisha ugali wa wimbi na kunde zilizoungwa kwa karanga.

Wewe ulinilea kwamba mgeni mwenye adabu humaliza sahani. Nikamaliza. Kumbe kwake sahani tupu mbele ya mgeni ni aibu ya mwenye nyumba, basi akaongeza. Nikamaliza tena, kwa adabu ileile. Ndipo nikapangusa mdomo na kuuliza kitaalamu, "Mama, mvua ikirudi utapanda nini?"

Akaitazama sahani yangu, akacheka taratibu. "Ile ya kupanda ndiyo uliyokula. Mgeni hatuwezi kumpa muhogo tupu."

Nilitumwa kutafuta kilichowamaliza wakulima, na nimekipata, kina mkanda uliolegezwa.

Leo nimezunguka soko zima nikapata mbegu za wimbi. Kesho nampelekea. Natumaini magoti yako yamepata nafuu. Waombee mvua huku, Mama, na mimi niombee nifike nitoke mbio, maana akinikaribisha tena najua atakachopika.

Mwanao mwenye adabu,
Salim